Inanitosha

Niliinunua duka la rehani, Crookston, Novemba,
kwa bei ya matairi mawili yaliyokwisha vipara:
bunduki ya marisau, ya kukoki kwa mkono,
kitako cha plastiki, ikitikiswa inalia
kama kopo la misumari.

Orrin wa kaunta alininong'oneza: hii ni nakala.
Waliiga bunduki ya mabwana
hadi nafasi ya skrubu.
Mwiga tembo hupasuka msamba;
hii haikupasuka. Ilipokea
viungo vya tembo kimoja kimoja, kama vyake.

Springi ya ghala, kwa mshahara wa kiwanda cha sukari.
Shanga ya shaba mdomoni mwa mtutu,
maana macho yangu si yale.
Kishikio cha mbele kilikataa. Nikakipiga tupa
hadi usiku wa manane,
Maureen akiuliza toka kitandani: umeoa nani?

Mpira wa bega si wangu.
Signe ana miaka kumi na mitatu;
mwaka jana bega lilimvilia damu, hakulia,
alisema tu bata wamekwisha.
Nikakata kitako kipya cha mjozi, inchi mbili.
Kipande nimekihifadhi. Mtoto hukua.

Risiti nimezificha chini ya boksi la marisau:
spea zimekula bei ya bunduki mara tatu.

Alfajiri, barafu ziwani nyembamba kama ukucha,
akaiinua, akakoki. Mlio mmoja, safi.
Bata bukini wakapita, chini kabisa. Hakufyatua.
"Inanitosha, baba."
Sikumwuliza kama alisema kitako
au alisema basi.