Ndimu ya Mwisho

Nililiokota Maweni, penye vumbi la misumeno:
jiwe kama ngumi ya mtoto, limejaa mikunjo.
Shekuwe mkata matofali akaligeuza.
"Jino la nguva."
Mkewe akacheka: "Nguva gani! Ubongo wa mbuzi, umeganda."

Nikaligusisha ulimi. Halikunata; si mfupa.
Nikalikamulia ndimu,
likafoka povu, likalia sss
kama kitunguu kikaangoni.
Chokaa, basi. Tumbawe.
Kitu kilichowahi kula, kikazaa.

Usiku, taa mkononi,
nikausogelea ukuta wa chumba alimozaliwa mama,
pale plasta ilipobanduka.
Mikunjo ile ile.
Nikakamua tone lililosalia.
Ukuta ukanong'ona.

Asubuhi Somoe, kisu mkononi, anauliza
leo samaki tutampaka nini.