Mali Iko Nje

Kompyuta yenyewe ni kuukuu, kioo kimepasuka,
kibodi imepoteza herufi ya N.
Nimeilaza chini ya meza ya runinga, hapa Migosi,
karibu na mtungi wa gesi, mbali na mtoto wa jirani
anayependa kuchomoa kila kilichochomekwa.
Haizimwi. Inapumua usiku kucha kama mgonjwa wa pumu
aliyekataa katakata kupelekwa hospitali.

Ndani yake kuna kontena.
Si la bati. Halina bawaba wala kufuli,
ni mistari kumi na minne niliyoiandika kwa vidole viwili.
Nikikosea nafasi moja tu mwanzoni mwa mstari
linakataa kusimama, linanitukana kwa rangi nyekundu.
Mara ya nne likasimama.

Kisumu hii nzima ina bandari moja.
Kakompyuta haka kana bandari elfu sitini na tano na ushei,
zote zimefungwa.
Nikafungua moja.
Ukatoka muziki wa baba,
bila ushuru, bila kuli.

Kaseti mia mbili na sita, magunia mawili ya sukari:
ndizo alizowahi kuokoa
usiku ule trekta lilipofika Kibuye
kabla wino wa notisi haujakauka.
Kontena lake lilikuwa la kijani,
RADING' FUNDI WA REDI, ile O ililiwa na kutu.
Kunakili kaseti shilingi thelathini,
ukija na tupu yako, ishirini.
Asubuhi tulikuta mstatili wa udongo mkavu
pale lilipokuwa, na skrubu.

Miezi saba nimezigeuza, upande A, upande B,
kila moja kwa mwendo wake, maana mkanda hauharakishwi.
Lakini seva haijui watu wetu.
Msanii Asiyejulikana, inaandika,
Msanii Asiyejulikana, mara mia tisa na hamsini,
kana kwamba ni mtu mmoja aliyepiga magitaa yote ya Kano na Seme
akawaoa wanawake wote aliowasifu.
Hapo nampigia baba simu, namchezea sekunde chache.
Sikio la kulia ndilo lililobaki.
"Huyo ni Opere wa Rabuor. Sikia anavyouruka waya wa pili,
kidole chake kilikwenda na mashine ya mpunga."
Naandika: Opere. Rabuor.

Jumapili alikuja mwenyewe.
Akapiga magoti, akamulika chini ya meza kwa tochi ya simu.
"Kontena liko wapi?"
"Ndani, baba. Halionekani."
"Na wakilibomoa?"
"Nalibomoa mwenyewe, kila mwezi. Toleo jipya likitoka
navunja hili kwa neno moja, nasimamisha lingine
chai haijapoa.
Nyimbo hazimo humo. Ziko nje, kwenye diski.
Kontena linazichungulia tu, kama mtu dirishani."
Akanyamaza. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.
"Kumbe ndipo tulipokosea," akasema.
"Sisi mali yetu yote tuliiweka ndani."

Stima ikapotea.
Tukakaa gizani, tukisikia jenereta ya duka la dawa
na mtu akilaani kwa Kijaluo safi.
Iliporudi, seva ikaamka bila kuulizwa;
mstari wa kumi na moja unaiambia:
ukianguka, inuka, kila mara.

Akataka kaseti ya arobaini na moja, upande B.
Akasogeza kiti, sikio la kulia mbele.
Kabla ya gitaa la kwanza kuna sekunde kumi na nne za Kibuye:
mtu anakohoa, anaomba chenji ya hamsini,
mlango wa chuma unaburutwa,
na mama, akiwa bado na meno yake yote, anacheka,
"Rudi saa kumi."

Programu ilinishauri nizikate.
Inaziita kelele.