Mfua Nguo za Mfuata Nyuki

Mfuata nyuki hakosi asali.
Na mfua nguo za mfuata nyuki,
yeye hakosi nini?

Miaka kumi na tisa, kila Jumamosi,
nilikung'uta ovaroli ya Ožbolt nyuma ya nyumba:
vumbi la nta, mbawa zilizokauka,
miiba iliyosahauliwa kwenye pindo.
Nikavuta yote hayo puani
huku nikiwaza viazi vilivyo jikoni.
Sikujua kuna aliyekuwa akiandika.
Damuni mna karani asiyelala,
naye aliandika jina, harufu, mara ya ngapi.

Mwezi wa nane, alikuja mmoja tu.
Nyuki wa kijivu wa bonde letu,
wapole hata watoto huwabeba viganjani.
Alinichoma mkono nikianika shuka.
Nikasema, ah, mdudu.
Kisha viganja vikawasha.
Kisha nyayo.
Kisha midomo ikawa ya mtu mwingine.

Kwenye ubao wa mzinga wa tatu
babu yake Ožbolt alichora zamani
shetani akinoa ulimi wa mwanamke kwenye kinoo.
Miaka yote nilipita pale nikicheka.
Siku ile ulimi ulinijaa kinywani,
nikamtazama yule mwanamke, naye akanitazama,
hewa ikipita kama uzi tunduni mwa sindano,
hadi uzi ukakatika.

Špela, jirani, alikuwa na kalamu ya adrenalini
ya mwanawe asiyeweza karanga.
Alinidunga pajani, juu ya sketi. Hakuuliza.

"Sumu ya nyuki mmoja haikutosha kukuua,"
daktari Hribernik aliniambia baadaye.
"Ni mwili wako uliotaka."
Akatabasamu, akaona sitabasamu.
Mlinzi wako, akasema, alimwona mgeni ameshika kijiti,
akaichoma nyumba nzima.

Sasa kila mwezi napanda basi la saa moja
nikadungwe sumu ileile.
Walianza na tone lisiloonekana.
Leo ni sawa na nyuki wawili.
Miaka mitano, wanasema.
Namfundisha karani kusahau, nilimwambia muuguzi.
Si kusahau, akanisahihisha, ni kuzoea.
Nikamjibu, binti, nimeolewa,
tofauti yake naijua.

Ožbolt anajifulia mwenyewe. Anafua vibaya.
Jioni huvua buti nje,
hubisha hodi kwenye mlango alioupachika mwenyewe,
husimama na soksi hadi nimwambie ingia.

Jana alisahau.
Malkia wa mzinga wa tatu alikuwa amepatikana,
akaja mbio, akanikumbatia na ovaroli yake yote,
nami nikaisikia nta, moshi, jasho,
harufu ya Jumamosi zangu.
Kisha akakumbuka, akaniachia kama sufuria ya moto.

Nilikaa ngazini dakika ishirini,
kalamu mkononi,
kama mtu anayengoja basi.
Halikuja.