Zingefuri

Famau wa Siyu, mjalidi, amekuja asubuhi
na gundi yake ya unga ndani ya kopo la maziwa ya watoto.
Akakilaza kitabu mkekani, akakipuliza.
Vumbi la mchwa likaruka hadi kwenye zidaka.
"Bi Somoe," akasema, "hiki si kitabu tena. Ni kimia."

Babu wa babu yangu alikinakili hapa hapa Mkomani,
chumba cha ndani, mwaka wa ndui,
kwa mkono uliotetemeka kwenye kila lamu-alifu.
Kitabu cha majibu. Mwanachuoni fulani wa zamani
anamjibu mwanafalsafa wa zamani zaidi,
mtu wa Basra, mwana wa mpiga pamba,
ambaye maandishi yake yalitupwa mtoni yote
hata maji, yasemwa, yalishuka meusi siku mbili.
Hakusaza ila alichonukuliwa na adui yake.

Na adui alikuwa mwaminifu. Hilo namkubalia.
Alimnukuu neno kwa neno kabla ya kumchinja:
"Kasema maluuni," kwa wino mwekundu,
"Nami nasema," kwa mweusi.
Babu akafuata desturi. Mweusi wa masizi na ulimbo wa mgunga,
mwekundu wa zingefuri kutoka Surati,
ambayo ni sumu.

Mchwa wamekula jibu la kwanza, la pili, la arubaini,
wamekula hoja, ushahidi, na matusi.
Zingefuri wameikwepa.

Basi sasa kurasa zasema hivi tu:

Kasema maluuni: ikiwa akili ni zawadi Yake,
mbona mwanitaka niivue mlangoni pamoja na viatu?
Kisha shimo, waweza kupitisha ngumi.
Kasema maluuni: kitoto cha mfinyanzi kilikufa na homa
kabla ya kujua herufi. Kitaulizwa kwa lugha gani?
Shimo.
Kasema maluuni: nimewasikia watu watatu wakiapa,
kila mmoja kwa kitabu chake, kwa machozi yale yale.
Shimo, na bawa la kumbikumbi limenasa ukingoni.

Hata jina lake limeliwa. Limesalia "Ibnu",
na pengo. Mwana wa pengo.

"Nifunge vipi?" auliza Famau. "Ninayo karatasi ya Kitaliano,
naweza kuziba, nawe ukaandika. Umesoma.
Majibu unayajua."

Nayajua. Niliyafunza miaka thelathini
kwa wasichana wa Langoni, na bakora ya mkwaju pembeni.
Nachovya kalamu. Naanza: "Nami nasema..."
na kitoto cha mfinyanzi chaniangalia
kwa mato ya Mwanatumu wangu, wa miezi saba,
nami siku ile sikusema kitu,
nilimshika kisigino tu, mpaka kikapoa.

Adhuhuri yaadhiniwa. Nainuka, natawadha,
wino wateremka vidoleni hadi kwenye mchirizi.
Nasali rakaa nne, sipunguzi hata moja.
Nikirudi, Famau amesinzia, gundi imefanya utandu.

"Funga hivyo hivyo," namwambia, "na mashimo yake."
"Utalipa bei ya kitabu kizima?"
"Nitalipa ya kizima."
Akajikuna kichwa, akaipima ngozi ya mbuzi
kwa shubiri, kisha akaipima tena,
kama mtu asiyeuamini mkono wake.