Na Wenzake

Makala ya nne ya Dafroza nimeisoma kwa simu,
nimekalia dumu tupu, Mwandiga, saa tano asubuhi,
vidole vyekundu kwa mawese.
Kila nikipanua herufi, zinateleza.

Juu kabisa, jina la baba yetu:
Mpozenzi, na wenzake.
Nikawatafuta hao wenzake.
Mmoja yuko Morogoro, mmoja Uholanzi,
wa tatu ni herufi mbili na nukta.
Sisi hatumo.

Tumo. Jedwali la pili, mstari wa saba:
kaya, Mwandiga; mikungu ililazwa siku nne chini ya majani;
asidi huru, asilimia kumi na nane nukta sita.
Hakuna aliyetufikia.
Hata yule wa Simbo anayezidisha maji
ana kumi na moja.

Ewe wa tumbo moja nami,
uliyekuja Julai na vichupa ishirini na barafu ya samaki,
ukala migebuka, ukalamba mchuzi hadi kwenye kiwiko,
kumbe ulikuwa unatupima?

Anaandika kwamba ndani ya tunda umelala mkasi.
Tunda likiwa zima, mkasi na mafuta havionani.
Likidondoka, likipondeka, likilazwa,
mkasi huamka, hukata mikia ya mafuta
mmoja, wa pili,
na mikia hiyo iliyokatika ndiyo inayokuwasha koo.
Maji yakitokota, mkasi hupinda.
Kimeng'enya, ndilo jina lake.
Sisi tulisema tu: yamechacha.

Mpitiaji wa pili aliuliza
kwa nini sampuli hazikugandishwa papo hapo.
Ningemjibu mimi: umeme ulikatika Jumanne, ukarudi Ijumaa.
Dafroza alivizika vichupa kwenye barafu na pumba za mpunga,
akalala sakafuni kando yake
kama mtu anayeuguza.

Nikamsomea mama kwa Kiswahili. Ile namba nikairuka.
"Yetu ni ipi?"
Nikamwambia.
Akaendelea kuchambua mise, moja, nyingine, nyingine.
"Siku nne ni ili chikichi lijiachie lenyewe.
Mkungu mbichi una miiba, nasi tuko wawili.
Hilo kaliandika wapi?"

Nikatafuta. Kurasa kumi na mbili.
Hakuliandika.

Ila ukurasa wa tano, katika mbinu,
kuna sentensi fupi nusura niipite:
mwisho wa kila kipimo ulithibitishwa na mtazamaji wa pili.

Maabara ya kuazima, ile ya sekondari, madirisha mawili hayana vioo.
Anafungua bureti, tone, tone.
Waridi ikitokea, acha.
Lakini katika mawese waridi utaionaje?
Yeye na miwani yake hakuiona.
Alinisogeza mbele kwa bega, mimi wa darasa la saba,
ninayejua wekundu wa asubuhi na wa jana,
wa chungu kipya na wa chungu kilichoungua.
Nikasema: sasa.
Akafunga, akaandika.
Mara sitini nilisema sasa.

Nimemtumia ujumbe jioni hii:
Siku nne zimekuwa mbili. Zaidi ya hapo hatuwezi,
mikono ni ileile minne.
Njoo upime tena.
Mama anasema uje na glavu,
na si zile nyembamba za maabara.