Ua

Kikombe kimefika na kivuko cha asubuhi,
plasta imezungushwa mara tatu kwenye kifuniko,
mwandiko wa muuguzi wa Ukara umelowa pembeni:
Bwire, miaka sita, taya la kushoto.
Ndani, nyama ya ukubwa wa harage
inaelea kwenye formalini.

Majarida ya ng'ambo huuita uvimbe adimu.
Mimi Ng'wasi, fundi wa maabara hapa kilimani Mwanza,
nina rafu nzima ya vitofali vya nta,
kila kimoja na namba, kila namba na taya.
Adimu kwa nani?

Kukata ni kazi ya pumzi.
Wembe unapita, utepe wa nta unatoka
mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
naudaka kwa brashi, naulaza kwenye maji ya vuguvugu.
Ukikohoa, umeanza upya.
Nje, wadudu wa ziwani wamepanda kama moshi
kutoka upande wa Kirumba, wameziba dirisha,
na umeme unakwenda, unarudi, unakwenda.
Nasubiri. Nta inanishinda subira.

Kisha rangi. Kisha hadubini:
seli zimebanana kama dagaa walioanikwa Mwaloni,
na hapa na pale pengo jeupe
alipopita kuku.

Dokta Kwilasa alinichorea siku moja nyuma ya bahasha.
Jeni hii haikuharibika, alisema. Imehama.
Herufi zake ni zilezile,
ila kipande cha kromosomu kilikatika
kikaungwa pengine, ubavuni mwa jeni isiyolala,
na sasa anayepaswa kusema "basi" hasikiki.
Fikiria mpangaji mpole
aliyehamia ukuta mmoja na baa ya Mabatini.

Niliitikia kwa kichwa. Usiku, nikiosha vyombo,
nikamwelewa kwa njia yangu:
ua.
Ua la mdodoki, la njano, analochuma mtoto.
Ua wa nyumba, unaozuia mbuzi.
Ua! na nyoka ameshakufa.
Herufi mbili, haikubadilika hata moja.
Jirani ndiye anayesema ni lipi.

Na ua wa kwao Bwire ni wa minyaa.
Mama yake, Nyangeta, aliniambia mwenyewe kwenye benchi:
bibi alipaka maziwa ya mnyaa tayani
uvimbe ulipoanza, kwa kuwa dawa ya jipu ni hiyo,
na watoto wote wa kaya huvunja vijiti
na kuchezea utomvu.
Chumba cha pili tunao huohuo mnyaa
kwenye chupa ya kahawia,
umekaushwa, umesagwa, umechujwa kwa spiriti.
Tone moja kwenye sahani: seli zinasinyaa.
Tone lilelile, limezimuliwa mara elfu:
kirusi kilicholala ndani ya seli kinafungua jicho.
Nimeandika yote mawili kwa kalamu moja,
na Dokta Kwilasa ameweka alama ya kuuliza
kubwa kama ndoana ya sangara.

"Nikaufyeke?" Nyangeta aliuliza.
Nikasema hatujui bado.
Alinitazama kama mtu aliyeuliza njia
akaambiwa habari za barabara.

Dripu ya kwanza ilikuwa Jumanne.
Jumatatu iliyofuata taya lilikuwa limeshuka nusu;
uvimbe unaokua kwa pupa hufa kwa pupa.
Wiki ya tisa Bwire alisimama mlangoni kwangu
akitafuna muwa, upande wa kushoto, makusudi,
akatema makapi kwenye sakafu niliyotoka kupiga deki.
Sikumgombeza.

Nyuma yake mama, simu mkononi, ana shauri.
Ua ameshaufyeka, hakunisubiri.
Mbuzi wa jirani wameingia, mihogo imekwisha.
"Sasa," anasema, "na hilo mna dawa yake?"

Nafungua daftari.
Kwenye safu ya maoni, mkabala na namba ya mwanawe,
naandika ua,
kisha nakosa neno la kuliweka jirani.