Spoki Kumi na Tisa

Sarara, kilo mbili na robo,
nimeinunua Marikiti kabla ya adhuhuri.
Muuzaji akanitazama viganja: "Dada, nikukatie?"
Nikamwambia hapana, leo nakata mwenyewe.
Sikumwambia kwamba sijawahi.

Papai bichi nimelikwaruza mpaka vidole vikawasha,
kitunguu thomu, tangawizi, ndimu mbili za mbegu nyingi.
Mama akapita, akachovya kidole, akaonja mbichi
kama aonjavyo siku zote:
"Chumvi yako bado iko sokoni."

Sindano ni spoki za baiskeli ya Baba,
ile nyeusi aliyosambazia mikate toka Kuze hadi Makupa
miaka kumi na moja, mpaka fremu ikavunjika shingo.
Fremu aliiuza chuma chakavu.
Spoki akazinyoosha moja moja,
akazinoa kwenye kizingiti cha jiwe,
akatuambia gurudumu halifi, hubadili kazi.
Zilikuwa thelathini na sita.
Moja ilitumika kufungulia kufuli, moja iliingia shimo la choo,
mbili Badi alizificha ndani ya soksi siku aliposafiri kwenda Doha,
askari wa uwanja wa ndege wakazitia pipani
huku wakimuuliza kama huko aendako hakuna chakula.
Nyingine sijui. Nyumba hula vyuma polepole.

Nyama mbili, shahamu, nyama mbili.
Shahamu ikae kati, Baba alikuwa akisema,
iwagawie majirani wa pande zote.
Alikuwa akisema.
Tangu Rajabu ulimi wake umelala,
na mkono wa kulia umejikunja pajani
kama paka wa mtu mwingine.
Bakora ndiyo iliyobaki na maneno.

Seredani tumeitoa uani.
Makaa yana unyevu, moshi unapanda wima
hadi kwa Bi Salha, ghorofa ya pili,
anayevuta nguo zake kambani kwa hasira:
"Nyie! Buibui langu la harusini litanuka ng'ombe!"
Na Mama, bila kuinua kichwa:
"Basi litakuwa limeshiba kabla yako!"

Ko.
Maana yake geuza.
Ko ko. Pepea.
Ko, kisha kimya kirefu: iache, mtoto wewe,
nyama nayo inajua njia.
Napepea kwa kipande cha katoni ya sabuni.
Shahamu inadondoka, moto unaruka,
unanilamba vinyweleo vya mkono hadi kwenye kiwiko.
Ko ko ko ko ko!
Hiyo sijafundishwa.
Nikageuka: mabega yanamtikisika.
Nusu ya uso inacheka,
nusu nyingine bado haijaambiwa.

Jamvi, mikate ya mofa, bakuli la chatne ya ukwaju.
Twahir anahesabu sindano za watu kabla ya yake.
Ya Baba niliitwanga kinuni, laini,
ikaniangukia makaani mara mbili,
mara ya tatu nikaiombea yai liishike.
Nikampulizia tonge, nikamsogezea.
Akafumba mdomo.
Mkono wa kushoto ukavuka jamvi lote
ukachomoa kipande kizima, kilichoungua pembe.
"Utapaliwa," Mama akasema.
Ko.
Akakiweka shavuni. Hakutafuna.
Akakinyonya tu, chakula chote, macho yameinama,
kama anayesoma barua ya zamani
ambayo tayari anajua mwisho wake.

Tulipokuwa tukikusanya sahani,
Twahir analamba vidole, mimi nahesabu spoki kwenye beseni,
kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane,
bakora ikagonga tena.
Ko.
Tukatazamana. Geuza nini? Sinia tupu.
Ko, akakazia, pua imeinuka.

Nikakimbia uani.
Ya kumi na tisa ilikuwa bado motoni.